Panya Waliolishwa Chai

Mwaka 1765, Zhao Xuemin, tabibu wa Hangzhou nchini China, alikuwa akiandaa nyongeza ya kile kitabu kikubwa cha dawa alichokiacha Li Shizhen katika karne ya 16. Alipofika kwenye chai ya Pu'er, ile inayotoka milima ya Yunnan ikiwa imeshindiliwa kama mkate mgumu wa duara, aliipa sifa ambayo wauzaji hawajaiacha hadi leo: ni chungu, ni kali, inaondoa mafuta na sumu ya nyama ya ng'ombe na kondoo. Zhao hakumpima uzito mnyama yeyote. Aliandika waliyokuwa wakiyasema watu, nao walikuwa wameyasema kwa muda mrefu.

Walikuwa na sababu zao. Katika karne ya 11, chini ya nasaba ya Song, serikali ilianzisha ofisi maalumu huko Sichuan ya kubadilishana chai kwa farasi wa Watibeti. China ilitaka farasi wa vita. Watibeti, wanaoishi nyanda za juu ambako mboga hazistawi kwa urahisi, walitaka kitu cha kushushia nyama, maziwa na siagi ya yaki. Wapagazi walipanda milima na marobota ya chai mgongoni, safari ya majuma na majuma. Ikifika huko juu, chai ilichemshwa, ikatiwa chumvi na siagi, ikanywewa kutwa nzima. Inachekesha kidogo: kinywaji kilichosifiwa kwa kuondoa mafuta kilinywewa na mafuta yakielea juu yake, na hakuna aliyelalamika. Walichokitafuta watu wale ni tumbo lililotulia baada ya mlo mzito. Habari za kiuno chembamba zilikuja baadaye, tena kutoka kwingine.

Wazungu, ambao kufikia karne ya 18 walikuwa wakinunua chai kwa shehena, hawakuujua hata mti wenyewe. Mwaka 1762 Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea ya dunia majina, aliandika kwamba miti ya chai ni miwili, mmoja wa chai ya kijani na mwingine wa chai nyeusi. Kosa hilo lilidumu mpaka Robert Fortune, Mskoti mtaalamu wa mimea, alipoingia bara la China katika miaka ya 1840, baadaye akiwa ametumwa na Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kuchukua miche na mbegu kwa siri. Alijivika nguo za Kichina, akafika mashambani, akaona kwamba jani la mti uleule hutoa chai zote mbili. Tofauti iko mikononi mwa mtengenezaji.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Jani likishachumwa, likapitishwa mapema kwenye moto au mvuke, vimeng'enya vyake hufa na rangi yake hubaki: hiyo ni chai ya kijani. Likikunjwa na kuachwa hewani nusu ya safari, ni oolong. Likisagwasagwa na kuachwa mpaka ligeuke rangi ya kahawia kabisa, ni chai nyeusi, hii inayojaza makopo ya nyumba zetu. Pu'er inayokomazwa haraka siku hizi hulundikwa ikiwa na unyevu, vijidudu vikaifanyia kazi kwa majuma kadhaa. Njia hiyo iliingia viwandani Yunnan mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwani kabla ya hapo mkate wa chai ulisubiriwa miaka mingi ukomae. Mti ni Camellia sinensis mmoja, lakini kinachobaki ndani ya jani si kilekile. Swali la chai ipi hukata mafuta, kwa hiyo, ni swali la kemia ya kiwandani.

Kemia hiyo ilifunguliwa na mwanamke aliyeanza bila mshahara. Michiyo Tsujimura alizaliwa mwaka 1888 katika mkoa wa Saitama, Japani. Mwaka 1920 alikwenda Chuo Kikuu cha Kifalme cha Hokkaido, ambacho wakati huo hakikupokea wanafunzi wa kike, akakubaliwa kuwa msaidizi wa maabara asiyelipwa. Kazi aliyopewa ilikuwa lishe ya viwavi wa hariri. Akahamia Tokyo, mwaka 1923 tetemeko kubwa la Kanto likaiangamiza maabara aliyokuwa akifanyia kazi. Akahamia taasisi ya RIKEN, chini ya Umetaro Suzuki, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya vitamini. Mwaka 1924, pamoja na Seitaro Miura, aligundua kwamba chai ya kijani ina vitamini C. Mwaka 1929 alifanikiwa kuitenga katekini, kitu kinachoipa chai ule ukakasi wa ulimini, na mwaka 1932 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata udaktari wa kilimo. Tasnifu yake ilihusu kemikali za chai ya kijani. Hakuandika chochote kuhusu unene. Lakini bila katekini iliyotengwa ikawa safi, wote waliomfuata wangekuwa wanalisha panya majani bila kujua ni kitu gani kilichofanya kazi.

Katekini zenyewe ni ukoo. Iliyo nyingi zaidi kwenye chai ya kijani ina jina refu, epigalokatekini galeti, na wanasayansi huifupisha EGCG. Chai inapoachwa hewani ikageuka rangi, katekini hushikana mbilimbili na zaidi, zikawa teaflavini na vitu vingine vikubwa zaidi. Ndani ya Pu'er hukua zaidi ya hapo, zikawa teabraunini, chembe kubwa za rangi ya udongo zinazoifanya chai ile ionekane kama kahawa. Yashike mambo haya mawili, msomaji, chembe ndogo na chembe kubwa, kwa sababu ndiyo yatakayoamua mashindano ya chai hizi.

Mashindano yalianzia Shizuoka, mkoa wa Japani unaojulikana kwa mashamba ya chai. Mwaka 1986, Keiichiro Muramatsu na wenzake, akiwamo Yukihiko Hara wa kampuni ya chai ya Mitsui Norin, walichapisha jaribio la panya waliolishwa mafuta ya nguruwe na lehemu, yaani kolesteroli, kwa wingi. Panya wengine walichanganyiwa katekini za chai ya kijani kwenye chakula hichohicho. Damu ya waliopata katekini ilikuwa na lehemu kidogo zaidi. Jambo lililonivutia mimi, hata hivyo, halimo kwenye damu. Watafiti walikusanya mavi ya panya, wakayakausha, wakayapima, wakakuta mafuta na lehemu vimezidi humo. Mafuta hayakuwa yamechomwa. Yalikuwa yamepita tu, yakatoka upande wa pili.

Namna yanavyopita ilielezwa mwaka 1992 na Ikuo Ikeda na wenzake wa Kyushu, Japani. Ili mafuta na lehemu viingie mwilini, nyongo huvifunga katika vitone vidogo mno vinavyoweza kuelea ndani ya maji ya utumbo. Katekini zenye mkia wa galeti huingilia vitone hivyo na kuifanya lehemu itengane na kuzama. Lehemu iliyozama haipenyi ukuta wa utumbo. Maelezo haya hayana mvuto wa kibiashara, maana hakuna anayetaka tangazo linalozungumzia choo, lakini yana ushahidi imara.

Mwaka huohuo wa 1986, kundi jingine la Japani lilijaribu Pu'er kwa panya. Lehemu ya damu ilishuka, na mafuta ya tumboni yakapungua uzito. Zhao Xuemin akawa amepata shahidi wake wa kwanza mwenye mkia, miaka 221 baadaye.

Zamu ya oolong ilikuja mwaka 1999. Hiromichi Okuda wa Chuo Kikuu cha Ehime, pamoja na Han Li-Kun na wenzao, waliwalisha panya wadogo chakula kilichojaa mafuta ya ng'ombe kwa majuma 10. Waliochanganyiwa oolong hawakunenepa kama wenzao na ini lao halikujaa mafuta, ingawa walikula kiasi kilekile. Okuda alieleza njia mbili. Kwanza, chai ilizuia lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta yaweze kufyonzwa. Mafuta yasiyovunjwa hayaingii. Pili, kafeini iliisaidia noradrenalini, homoni ya mwili wakati wa hekaheka, kutoa mafuta yaliyohifadhiwa kwenye seli. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ulibanwa na wa kutokea ukafunguliwa. Ndipo wazo la chai "kuchoma" lilipopata mguu wa kusimamia.

Mguu mwingine ulitoka Uswisi. Kati ya mwaka 1999 na 2000, Abdul Dulloo na wenzake walionyesha kwamba dondoo la chai ya kijani liliongeza nishati wanayotumia vijana kumi wa kiume kwa asilimia 4 hivi kwa siku, kisha wakapima mafuta ya kahawia ya panya, yale ambayo mwili huyachoma ili kujipa joto. Waliona kuwa EGCG huzuia kimeng'enya kinachoiondoa noradrenalini, nayo ikakaa muda mrefu zaidi ikifanya kazi. Kafeini ilisaidia kwa upande wake. Vikiwa pamoja vilizidi kila kimoja kikiwa peke yake.

Chicago nako walikuwa na lao. Maabara ya Shutsung Liao iliwadunga panya EGCG tumboni moja kwa moja. Ndani ya siku chache panya walipungua sana, hata wale wa ukoo wa Zucker ambao huzaliwa wakiwa hawapokei ujumbe wa leptini, homoni ya shibe, na hivyo hunenepa bila kikomo. Habari ilienea magazetini haraka. Kilichosomwa na wachache ni kwamba panya hao walikuwa wameacha kula vizuri, na kwamba EGCG ileile ilipopitia mdomoni haikufanya maajabu hayo. Kumdunga mnyama dawa mpaka akose hamu ya chakula, halafu ukasema chai inapunguza unene, ni kuruka hatua nyingi mno.

Biashara haikungoja. Mwaka 2002 watafiti wa Kao, kampuni kubwa ya Japani ya sabuni na vipodozi, walitoa jaribio refu kuliko mengi ya wakati ule: panya wadogo walilishwa kwa miezi 11, wengine mafuta kidogo, wengine mafuta mengi, wengine mafuta mengi yenye katekini. Katekini zilipunguza unene, na ini la panya hao likaonekana kuchoma mafuta kwa kasi zaidi. Mwaka uliofuata Kao ilitia sokoni chai ya chupa iitwayo Healthya, yenye miligramu 540 za katekini, ikiwa na kibali cha serikali cha vyakula vya afya. Sisemi kwamba jaribio lilikuwa la uongo. Lilifanywa kwa uangalifu na wengine wakapata matokeo yanayofanana. Ila ni vizuri kujua nani alinunua chakula cha panya.

Mpaka hapo kila maabara ilikuwa na chai yake. Aliyeziweka nne kwenye kibanda kimoja ni Jen-Kun Lin wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, na matokeo yake yalitoka mwaka 2005. Yeye na wanafunzi wake waliwagawa panya dume weupe katika makundi, wakawapa chakula cha kawaida kilichochanganywa asilimia 4 ya majani ya chai: kijani, oolong, nyeusi au Pu'er. Walikula jani lenyewe, si maji yake, kwa majuma 30. Kwa panya hiyo ni sehemu kubwa ya ujana na utu uzima wake.

Mizani ilisema hivi. Kwa kuzuia uzito usipande, oolong iliongoza, ikafuatwa na Pu'er, kisha chai nyeusi, na ya mwisho kabisa ilikuwa chai ya kijani, ile ambayo dunia nzima ilikuwa ikiisifu. Lakini walipogeukia damu, msimamo ulivurugika. Kwa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu, Pu'er na oolong ndizo zilizoyashusha zaidi. Kwa lehemu, Pu'er na chai ya kijani zikawapita wenzao. Halafu kuna lehemu mbaya na lehemu nzuri: chai tatu zilizishusha zote mbili kwa pamoja, Pu'er peke yake ikashusha mbaya na kupandisha nzuri. Mshindi, basi, anategemea umepima nini. Anayetaka kuuza oolong atakuonyesha mizani, anayetaka kuuza Pu'er atakuonyesha damu, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Tufanye hesabu kidogo, maana asilimia 4 inasikika kama si kitu. Panya mwenye gramu 400 anayekula gramu 20 kwa siku hupata gramu 0.8 ya majani, sawa na gramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 akifuata kiwango hicho atahitaji gramu 140, ambazo ni pakiti 70 za chai zenye gramu 2 kila moja. Wanasayansi hawahesabu hivyo moja kwa moja, kwa kuwa mwili wa panya huenda mbio kuliko wetu. Hugawanya kwa 6 hivi. Bado ni zaidi ya gramu 20, pakiti 11 au 12, na unazitafuna majani yake, bila sukari, bila maziwa, kila siku. Panya wa Lin hawakutiliwa vijiko vitatu vya sukari. Chai yao haikuletwa na maandazi.

Kwa miaka mingi chai nyeusi ilidharauliwa. Hoja ilikuwa rahisi: chembe zake ni kubwa, hazipenyi utumbo, hazifiki kwenye damu, zitafanya nini? Mwaka 2017 kundi la Susanne Henning huko Los Angeles liliwalisha panya wadogo mafuta mengi na sukari nyingi, wengine wakapewa polifenoli, yaani ukoo mpana ambamo katekini na teaflavini zimo, za chai ya kijani na wengine za chai nyeusi, zote zikiwa zimetolewa kafeini. Baada ya majuma manne makundi yote mawili ya chai yalikuwa mepesi kuliko wale waliokosa. Za kijani zilikutwa zimeingia mwilini. Za nyeusi zilibaki utumbo mpana, zikabadilisha jamii ya bakteria waishio humo, nao wakatoa asidi fupi za mafuta zinazosafiri hadi ini na kulibadilishia mwenendo. Kule kutopenya, kulikoonekana kuwa udhaifu wake, kumbe ndiko kunakoipa kazi.

Pu'er ilipata maelezo ya namna hiyohiyo mwaka 2019, kutoka kwa kundi la Wei Jia na wenzake wa China na Hawaii. Teabraunini ziliwapunguza bakteria wa utumbo wenye kimeng'enya cha kuvunja chumvi za nyongo. Nyongo isiyovunjwa iliufanya utumbo usipeleke ujumbe wa "inatosha" kwa ini, nalo likaendelea kutengeneza nyongo mpya. Malighafi ya nyongo ni lehemu. Ini likaitumia, na ya damuni ikashuka. Ukiangalia vizuri utaona tumerudi kwenye nyongo ya Ikeda ya mwaka 1992, ila kwa njia ya nyuma.

Wafugaji wa Japani walikuwa na nia nyingine kabisa. Utafiti uliotoka mkoa wa Mie mwaka 2001 uliwachanganyia kuku wa nyama unga wa chai ya kijani kwenye chakula. Mafuta ya tumboni yalipungua, lakini kuku nao waliongezeka uzito polepole kuliko wenzao. Kwa mfugaji anayeuza kwa kilo, hilo ni pigo. Mnyama mwembamba ni habari njema kwa daktari na hasara kwa mwenye banda.

Afrika Mashariki imeingia kwenye kisa hiki kwa kuchelewa, ingawa Kenya huongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho iliwapa wakulima aina iitwayo TRFK 306, mti wenye majani ya zambarau. Rangi hiyo inatokana na anthosianini, zilezile za zabibu nyeusi, na ndani yake mna polifenoli nyingine isiyo ya kawaida kwenye chai. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni moja ya Japani, inayofanya biashara ya dondoo za mimea, walieleza kwamba chai hiyo ya Kenya iliwapunguzia panya wadogo mafuta ya mwilini, kwa kuzuia ufyonzaji na kwa kuongeza ndani ya ini kimeng'enya kinachoyaingiza mafuta mahali pa kuchomwa. Walijaribu pia kwa watu wachache. Kwa mkulima wa Kericho au Nandi ni dokezo zuri la soko. Kwa sayansi ni mwanzo tu, na ningependa kuona jaribio lijalo likifanywa na watu wasiouza.

Maana kuna mnyama mmoja ambaye matangazo humruka. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya mbwa wa aina ya beagle waliopewa dondoo zito la chai ya kijani, wengine wakiwa wamekula, wengine tumbo tupu. Waliopewa kabla ya kula walipata madhara makubwa, baadhi wakafa, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kwamba EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku, ikiwa katika virutubisho vya kumeza, inahusishwa na dalili za ini kuumia. Chai ya kawaida iliyochovywa kwenye maji haikuonekana kuwa na tatizo hilo.

Na kwa binadamu? Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio ya chai ya kijani kwa watu wanene yalihitimisha kwamba uzito unaopungua ni mdogo kiasi cha kutokuwa na maana kitabibu. Kwa hiyo, anayekuuzia vidonge au "chai ya kukata tumbo" muulize maswali haya kabla hujafungua pochi: ni mnyama gani alijaribiwa, alipewa kiasi gani kwa kila kilo, alikunywa au alidungwa, alikuwa anakula nini kingine, na nani aliyelipia. Na kama una tatizo la ini, usimeze dondoo la chai bila kumwona daktari.